Mji Unaonadiwa na Mji Unaokalika: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa shughuli ambazo halmashauri za miji zimezidi kuzishika katika miaka ya karibuni ni ile ya kuusemea mji, yaani kuueleza kwa watu kuwa ni mahali pazuri pa kuishi, pa kufanya kazi, pa kuweka mtaji na pa kusomesha watoto. Shughuli hii ina maofisa wake na fungu lake la fedha. Ina pia maandishi yake: vijitabu, mabango, hotuba za ufunguzi na taarifa za mikutano ya wawekezaji. Aghalabu maandishi hayo hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha mfasiri hukabidhiwa ayatie katika Kiswahili kwa haraka, naye hushika neno lililo karibu.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno hayo yaliyo karibu. Hatukusudii kuamua iwapo miji itangazwe au isitangazwe. Hilo ni la madiwani na wapiga kura wao. Linalotuhusu ni lugha. Lakini yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba lugha katika jambo hili si pambo. Neno litakaloteuliwa ndilo litakaloamua kama mkazi, asomapo tangazo la mji wake mwenyewe, atajikuta yumo au hayumo. Hoja yetu kwa ufupi ni hii: maneno mengi tuliyoyapokea yanamtaja mnunuzi na kumsahau mkaaji, ilhali Kiswahili kina maneno ya kumtaja mkaaji, na baadhi yake yalikwisha tumika serikalini tangu mwaka 1973.

Asili ya dhana

Mfasiri asiyejua dhana ilikotoka hawezi kuipa jina linaloifaa. Desturi ya kuutangaza mji kama bidhaa, kwa sura tunayoiona leo, ilipata nguvu katika miji iliyokuwa na dhiki. Mwaka 1975 jiji la New York lilikaribia kufilisika. Mwaka 1977 jimbo la jina hilohilo likaanza kampeni ya kurudisha wageni, na ndipo ilipotokea ile alama ya moyo mwekundu iliyochorwa na Milton Glaser, ambayo hadi leo huonekana kwenye fulana hata katika mitumba yetu. Mwaka 1983 Glasgow, mji wa Uskoti uliokuwa umepoteza sehemu kubwa ya kazi zake za kuunda meli, ulitoa msemo wake uliokuwa na maana mbili: kwamba Glasgow ni bora zaidi kwa mbali, na kwamba Glasgow hutabasamu vizuri zaidi. Mwaka 1990 mji huohuo ukateuliwa kuwa Mji wa Utamaduni wa Ulaya.

Amsterdam ilifuata mwaka 2004 na msemo uliounganisha jina la mji na maneno yenye maana ya “mimi ni”. Msemo huo uliandikwa kwa herufi kubwa mno, na seti moja ikasimamishwa mbele ya jumba la makumbusho, ambako wageni walipanda juu yake ili wapigwe picha. Mwezi wa Desemba mwaka 2018 herufi hizo ziliondolewa pale. Hoja iliyotolewa barazani ilikuwa kwamba msemo ule unamtukuza mtu mmoja mmoja, na kwamba mji ulikuwa umegeuka mandhari ya kupigia picha. Mwaka 2023 Amsterdam ikaanza kampeni nyingine, safari hii ya kuwaambia vijana wa kiume wa Uingereza wanaofuata ulevi na dawa za kulevya wasije. Mji uliotumia fedha kuita ukatumia fedha kufukuza.

Tumeyaeleza haya kwa sababu mawili yanajitokeza. Kwanza, misemo hii imejengwa juu ya mchezo wa maneno ya lugha yake, na kwa hiyo haifasiriki. Atakayetaka msemo wa Kiswahili hana budi kuutunga upya. Pili, hata huko ilikozaliwa, dhana hii haijamaliza ugomvi wake na mkazi. Tukiipokea, tuipokee pamoja na swali lake.

Soko na masoko

Neno la Kiingereza linalotaja kazi yote ya kutafuta wanunuzi limetokana na neno lenye maana ya soko, na katika ofisi zetu limezoeleka kuwa “masoko”. Tuna maofisa masoko, idara za masoko na stashahada za masoko. Katika kiwanda cha sabuni neno hili halina madhara. Kiwanda hakina soko lake la kuuzia nyanya, kwa hiyo hakuna wa kulichanganya.

Katika halmashauri ya mji mambo ni tofauti. Mji una masoko hasa. Jijini Dar es Salaam, mtu akisikia “masoko ya jiji” humjia Kariakoo, Ilala na Kisutu: meza, ushuru, maji taka na mikungu ya ndizi. Basi mfasiri akiandika kwamba “jiji limeongeza fedha za masoko”, mwenye meza atafurahi akitumaini paa jipya, kumbe fedha ni za kuchapisha vijitabu. Hili ni kosa la istilahi lenye hasara, kwa kuwa sentensi ni sahihi kwa sarufi, na kila msomaji huondoka na maana yake akidhani ameelewa. Istilahi inayoeleweka vibaya na watu wote kwa namna moja husahihishika upesi. Inayoeleweka kwa namna mbili huishi miaka mingi kabla ya kugunduliwa.

Wengine hukwepa tatizo hili kwa kuandika “kuuza mji”. Hapa tunaingia katika hatari kubwa zaidi. Katika Kiswahili kitu kilichouzwa si chako tena. Ndiyo maana msemo “ameiuza nchi” ni shutuma ya usaliti, na hakuna kiongozi ambaye angependa usemwe juu yake. Mji una viwanja, na viwanja huuzwa kweli, mara nyingine mara mbili kwa watu wawili. Mwananchi akisoma kwamba halmashauri yake “inauza mji” hatakuwa na kosa akienda kuuliza kama kiwanja chake kimo.

Kunadi, kutangaza, kuvumisha

Kiswahili hakikosi vitenzi vya kusema sifa za kitu ili kipate watu. Tutavitazama vitatu.

“Kunadi” kumetoka Kiarabu, kwa maana ya kuita kwa sauti. Mwenye bidhaa huinadi, na mnada umepata jina lake hapo. Katika siasa neno limepanuka: wagombea hunadiwa, na sera hunadiwa, bila yeyote kudhani kwamba mgombea amepigwa nyundo akachukuliwa na mwenye bei ya juu. Upanuzi huo unatuonyesha kwamba jamii imekwisha kulikubali neno kwa maana ya kusema sifa hadharani kwa kusudi la kupata upendeleo. Lina faida nyingine pia: halimdanganyi msomaji. Asikiaye kwamba kitu kinanadiwa hujua kuwa msemaji ana haja yake, naye huyapima maneno kwa kipimo hicho.

“Kutangaza” ni kupana zaidi. Serikali hutangaza ugonjwa wa kipindupindu na hutangaza pia siku ya mapumziko. Neno hili linafaa pale mji unapotoa habari tu: idadi ya shule, njia za mabasi, mahali pa kulipia leseni.

“Kuvumisha” kunatamanisha, maana kuvuma ni kupata sifa. Lakini shina hilohilo hutupa “uvumi”, nao wahenga walikwisha onya kwamba ngoma ivumayo haidumu. Tunashauri neno hili liachwe.

Hapana shaka atatokea msomaji atakayetukumbusha methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa methali hii, unadi wote wa miji ungekuwa ushahidi wa ubaya wa miji. Sisi hatufiki huko. Methali ilizungumzia kitu ambacho mnunuzi angeweza kukishika mkononi na kukigeuza. Mji ulio mbali haushikiki hivyo, na mwalimu au daktari anayepangiwa kituo asichokijua ana haki ya kuelezwa. Lakini onyo la methali linabaki: maneno yakizidi kitu, msikilizaji huanza kukishuku kitu chenyewe.

Chapa, nembo na kaulimbiu

Neno jingine linalosumbua ni lile linalotaja jina na sura ya bidhaa kama inavyojulikana na wanunuzi. Wapo wanaoliandika “brandi”. Hatuna la kusema juu ya hilo isipokuwa kwamba brandi ni kinywaji, na kwamba “brandi ya Dodoma” ingemfanya msomaji afikirie zabibu zinazolimwa huko.

“Chapa” imezoeleka zaidi, nayo kwa bidhaa inafaa. Asili yake inalingana na ya neno la Kiingereza, kwani zote mbili hugusa ile alama ya moto anayopigwa ng'ombe. Hapo ndipo tunapoona shida kwa mji. Chapa hupigwa na mwenye mali juu ya mali yake, na ng'ombe hashauriwi. Mji una watu wanaosema. Sura ya mji hutokana na mambo mawili yasiyo ya mtu mmoja: yale ambayo mji wenyewe unajieleza, na yale ambayo watu wanasema juu yake. La kwanza tunapendekeza liitwe “utambulisho wa mji”, la pili “sifa ya mji”. Waandishi wakizitenganisha hizi mbili, itadhihirika mara moja kwamba halmashauri inaweza kuuandika utambulisho kwa mwezi mmoja, na kwamba sifa haiandikwi na halmashauri.

“Nembo” haina mgogoro. “Kaulimbiu” nayo ni istilahi iliyotungwa vizuri, kwa maana imebeba ndani yake mbiu, ile pembe ya kuitia watu. Na tunajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tunadhani hiki ndicho kipimo cha kuhakikia kaulimbiu yoyote ya mji: watu wakiisha kusikia mbiu na kukusanyika, jambo ni lipi? Kama hakuna jipya la maji, la barabara wala la shule, kaulimbiu imelia bure, na siku nyingine mbiu ikilia kwa jambo la kweli watu hawatatoka.

Majina ya sifa

Ingekuwa makosa kudhani kwamba kuusifu mji ili watu waje ni jambo geni kwetu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, alipoanza kujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, aliupa jina la Dar es Salaam. Wako wanaolifasiri “nyumba ya amani”, na wako wanaoliona ni ufupisho wa “bandari ya salama”. Kwa vyovyote, ni jina linalomwambia mfanyabiashara na nahodha kwamba hapa mali yake haitapotea. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Haukuinuka hasa mpaka Wajerumani walipoufanya makao ya utawala wao mwaka 1891. Jina zuri halikutosha kuuweka mji hai.

Linganisha na jina ambalo wakazi wenyewe wameupa mji huo: Bongo. Halisifu chochote. Linasema tu kwamba asiye na akili hawezi kuishi hapo. Lakini jina hili la onyo halikuzuia watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Wale walioongezeka kwa kuhamia hawakufuata kaulimbiu. Ukiwauliza walifuata nini, jibu la kawaida ni moja: “Nimekuja kutafuta maisha.” Mfasiri aizingatie sana kauli hii. Kiingereza hutenganisha kuishi na kufanya kazi, kisha huziunganisha kwa kiunganishi. Kiswahili cha watu huziweka zote mbili katika neno “maisha”, kwa kuwa mahali pasipo na riziki hapahesabiwi kuwa pa kuishi.

Mfano wa Nairobi una mafunzo zaidi. Kwa miaka mingi jiji hilo limenadiwa kwa Kiingereza kwa maneno yenye maana ya jiji la kijani lililoko juani. Kwa msomaji atokaye nchi za baridi, jua ni neema. Amelipa nauli ili alione. Lakini tafsiri ya neno kwa neno ikimfikia fundi wa Gikomba, jua linageuka kitu kingine. Nchini Kenya “jua kali” ndilo jina la mafundi wote wanaofanya kazi nje, bila paa, wakifua mabati na kuunga vyuma. Kumwambia mtu huyo kwamba jiji lake ni zuri kwa sababu lina jua ni kumsifia shida yake. Mtunzi wa Kiswahili anayetaka kusifu mahali husema pana kivuli, pana upepo, pana maji. Na ajabu ni kwamba jina lenyewe la Nairobi, katika Kimaasai, lilikuwa limekwisha kufanya hivyo: Enkare Nairobi, maji baridi. Wenye mifugo waliusifu ubaridi. Wenye vijitabu wakasifu jua. Kila mmoja alisema na watu wake. Mfasiri asiyeuliza “nani anaambiwa?” atayahamisha maneno bila kuihamisha sifa.

Kuna pia desturi ya kuupa mji jina la mji mwingine. Arusha huitwa Geneva ya Afrika, kwa sababu ya mikutano na mashauri ya kimataifa yanayofanyika huko. Tunaona udhaifu mmoja katika sifa za aina hii: zinaeleweka kwa aliyekwisha kufika Geneva tu. Mkazi wa Ngarenaro ambaye hajafika hapewi habari yoyote juu ya mji wake. Mwanza, inayoitwa Jiji la Miamba, imepata jina bora zaidi, kwa kuwa kila mwenye macho huiona miamba, na jina halihitaji pasipoti.

Vivutio na kuvutia

Sasa tufikie sentensi iliyo kiini cha maandishi haya yote, ile isemayo kwamba mji fulani ni “mahali pa kuvutia pa kuishi na kufanya kazi”. Sentensi hii imekuwa ya kawaida kiasi kwamba watu hawaioni tena. Tunaona ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya neno “vivutio”. Katika utalii, vivutio ni wanyama, maporomoko ya maji na majengo ya kale. Katika uwekezaji, vivutio ni misamaha na nafuu za kodi. Kijitabu kinachosema “mji wetu una vivutio vingi” kinaweza kuwa kimesifu ziwa, na kinaweza kuwa kimeahidi kusamehe mapato ya umma. Haifai mambo mawili yaliyo mbali hivi yakae katika neno moja, hasa katika maandishi ambayo diwani atayapigia kura. Tunashauri “vivutio” libaki kwa vitu vya kuonwa, na yale mengine yaitwe “nafuu”: nafuu za kodi, nafuu za ushuru, nafuu za ardhi. Anayesoma “nafuu” huuliza papo hapo, “nafuu kwa nani, na mzigo umekwenda wapi?” Istilahi inayozaa swali la haki ni istilahi nzuri.

Kasoro ya pili ni ya kitenzi chenyewe. “Kuvutia” ni kuvuta jicho au moyo. Picha huvutia, na nguo dukani huvutia. Ni habari za mtu aliye nje akitazama ndani. Mtu anayeishi mahali havutwi tena, maana amekwisha kufika. Yeye ana swali jingine. Swali hilo Kiswahili hulitaja kwa kitenzi “kukalika”. Twasema kila siku: hapa hapakaliki kwa mbu; nyumba ile haikaliki kwa joto. Umbo lake ni la kawaida kabisa: njia hupitika, maandishi husomeka, mji hukalika. Na sentensi “mji ule unavutia lakini haukaliki” inaeleweka na kila mtu bila maelezo. Kama vitenzi viwili vinaweza kupinzana namna hiyo katika sentensi moja, basi ni dhana mbili, na lugha ya kitaalamu haina ruhusa ya kuziunganisha.

Wataalamu wa mipango miji wanalo neno la Kiingereza la kupimia jinsi mji unavyofaa kwa maisha ya watu wake, nasi wafasiri tumelizungusha kwa maneno marefu: “ubora wa mazingira ya kuishi”, “hali nzuri ya makazi”. Tunapendekeza “kukalika” lichukue nafasi hiyo: mji unaokalika, kiwango cha kukalika, na panapohitajika nomino, “ukalikaji”. Pengine itasemwa kwamba neno hili ni la chini mno, kwamba mahali panaweza kukalika bila kuwa pazuri. Tunajibu kwamba hiyo ndiyo nguvu yake. Linaanza na maji, choo, kivuli, kodi ya nyumba inayolipika na basi linalofika. Na mji uliokwisha kuyatimiza hayo haukosi la kunadi.

Mteja, mwekezaji, mkazi

Maneno ya kutaja watu nayo yana mipaka yake. Katika maandishi ya unadi, mtu wa kwanza ni “mwekezaji”, wa pili ni “mgeni”, wa tatu, siku hizi, ni “vipaji”, kama isemwavyo “mji unaovutia vipaji”. Kipaji hakina miguu wala familia. Kinachohama ni mtu mwenye ujuzi, pamoja na mkewe au mumewe na watoto wanaohitaji shule. Tuandike hivyo. Na pale mkazi anapotajwa, mara nyingi huwa ameitwa “mteja”. Mteja huchagua duka, na akichukizwa huenda jingine. Mkazi hana duka jingine la maji.

Mfano wa kufikirisha ni kitenzi “kupanga”. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara katika miji mingi ya Tanzania, na neno rasmi lililotumika lilikuwa “kuwapanga”. Tunaelewa kwamba neno liliteuliwa kwa wema, ili kuepuka “kuwafukuza”. Kisarufi, hata hivyo, vyombo hupangwa, na watu hupangiwa. Tofauti si ndogo. “Wamepangwa” ni sentensi iliyokamilika, na msomaji hana la kuuliza. “Wamepangiwa” haikamiliki mpaka itajwe mahali: wamepangiwa wapi? Kauli ya kutendea ingemlazimu mwandishi wa taarifa ataje eneo, na eneo likitajwa lingeweza kukaguliwa kama lina wateja, choo na kivuli.

Makao makuu na ustawishaji

Tumesema kwamba maneno ya kumtaja mkaaji yalikwisha tumika. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na mwaka huohuo kikaundwa chombo cha kuujenga mji, kilichoitwa kwa Kiswahili Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Tuyatazame maneno haya mawili.

“Makao makuu” yametokana na kukaa. Katika Kiingereza na Kifaransa, mji mkuu huitwa kwa neno litokalo katika Kilatini kwa maana ya kichwa. Huko mji mkuu ni kichwa kinachotawala viungo. Kwetu ni mahali pakuu pa kukaa. “Mkazi”, “makazi”, “makao” na “kukalika” ni watoto wa shina moja. “Ustawishaji” nao umetokana na kustawi, neno la mmea unaoota vizuri penye maji na mbolea. Katika jina hilo hamna mnunuzi wala mnada. Linasema kwamba patafanywa kazi hadi mahali pastawi, na kwamba pakistawi patakaliwa.

Hatudai kwamba jina zuri lilileta matokeo mazuri peke yake. Uhamisho uliokusudiwa kukamilika kwa miaka kumi ulichukua zaidi ya arobaini. Mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017, na miongoni mwa yaliyotajwa wakati huo yalikuwa malalamiko ya wananchi kuhusu ardhi. Lakini hapo ndipo tunapoona faida ya jina. Wananchi waliweza kulalamika kwa neno la chombo chenyewe: walipoona hawastawi, walikuwa na kipimo mkononi. Mji uliojieleza kwa chapa na kaulimbiu tu ungewapa kipimo gani?

Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi ikapitishwa mwaka huohuo. Katika sensa ya mwaka 2022 jiji lilikuwa na watu 765,179, kutoka 410,956 mwaka 2012. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kufika huko mwaka 2024. Sasa jiji linanadiwa kwa nguvu, na halina kosa katika kunadiwa. Tunachoomba ni kwamba vijitabu vyake visiache neno “ustawishaji” life pamoja na chombo kilicholibeba.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

1. Kusema sifa za mji ili kupata wawekezaji, wageni au wahamiaji kuitwe “kunadi mji”. Nomino iwe “unadi wa mji”, kwa kufuata mfano wa “usafiri” na “utafiti”. “Masoko ya mji” yabaki kuwa masoko, na “kuuza mji” kusitumike.

2. Kutoa habari za huduma za mji kuitwe “kutangaza”, wala kusichanganywe na kunadi katika fungu moja la bajeti.

3. Kazi ya kuufanya mji ufae kwa watu iitwe “kustawisha mji”, na kipimo chake kiwe “kukalika”.

4. “Chapa” iachiwe bidhaa. Kwa mji tutumie “utambulisho” kwa yale mji unayojisemea, na “sifa” kwa yale watu wanayoyasema juu yake.

5. “Vivutio” viwe vitu vya kuonwa. Mambo ya kodi yaitwe “nafuu”.

6. Kila sentensi ya unadi itakayofasiriwa imtaje mkazi angalau kwa namna moja: anapata nini, anatoa nini, au anakwenda wapi.

Mapendekezo haya ni ya kujadiliwa. Tunawaomba walimu wayajaribu madarasani, na wafasiri watuletee sentensi nzima walizokutana nazo kazini, kwa sababu neno likitazamwa peke yake huonekana zuri, na kasoro yake hutokea linapopewa kiima na yambwa. Tungependa hasa kupata mifano kutoka halmashauri za miji midogo, ambazo vijitabu vyao bado havijaandikwa.